Mbwa Aliyepewa Firigisi

Siku mume wangu aliporudi kutoka Tororo, mbwa alikaa mbele kwa dereva, mapajani mwa mume wangu, na vyombo vyetu vikaja nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Buhehe tangu asubuhi, mtoto mgongoni, nimevaa gauni langu la kanisani. Mlango wa lori ulipofunguliwa niliona masikio kwanza. Masikio marefu, rangi ya chai ya maziwa, yenye mawimbi, yananing'inia mpaka chini ya taya. Mume wangu akamshusha kwa mikono miwili, taratibu, kama watu wanavyomshusha bibi harusi. Halafu ndiyo akageuka kuniona.

"Ah, upo?"

"Nipo," nikasema. "Nitakuwa wapi tena?"

Majina yote ninayo kichwani: la dereva, la mzungu, la mke wa mzungu, hata la askari wa njiani nitakayemtaja mbele. Nilifika darasa la pili tu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hapa sitaliandika hata moja. Waliokufa hawawezi kunijibu, na walio hai wana wajukuu wanaojua kusoma. Hata jina la mbwa naliacha, maana lilikuwa jina la mwanamke, tena la ubatizo, na mama mkwe wangu alikataa kulitamka mpaka anakufa. Alimwita "yule." Juzi mjukuu wangu mmoja alinionyesha picha kwenye simu, akasema mbwa wa namna hiyo huitwa spanieli. Sawa. Sisi tulimwita mbwa wa masikio.

Mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Tororo, kwenye nyumba zilizo chini ya mwamba. Mwisho wa mwezi alikuwa anakuja nyumbani na mkate na nyama, analala, anaondoka. Mimi nilibaki Buhehe nikilima mihogo na mtama na mama yake. Basi utawala wa jeshi ukaingia, Wahindi wakafukuzwa, na baadaye wazungu nao wakaanza kufunga masanduku. Mke wa mzungu alilia, nikaambiwa, akamkabidhi mume wangu mbwa, na kitana cha chuma, na brashi, na maagizo kwamba mbwa asilale nje. Mimi sikuachiwa hata sufuria.

Mbwa yule alilelewa mkononi mwa mume wangu tangu hajafungua macho vizuri. Alimpikia wali na nyama kila siku. Ukitazama sawasawa, alikuwa ameishi na mume wangu kuliko mimi. Miaka ile mimi nilikuwa naishi na mama yake.

Jioni ile ile nikachinja kuku. Hapa lazima nieleze, kwa sababu watoto wa siku hizi wanakula kuku wa dukani asiye na tumbo. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Haiombwi, haigawanywi. Mke ndiye anayeiosha, anaipika pamoja na nyama nyingine, halafu anaiweka juu ya nyama kwenye sahani ya mwanamume ili ionekane. Mgeni akiiona pale haulizi tena nyumba ni ya nani. Nami niliiweka juu, nikapiga goti, nikamnawisha mikono. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, anatazama kama nimefanya vizuri.

Mume wangu akaichukua ile firigisi kwa vidole viwili. Akaipuliza ipoe. Akainama akampa mbwa.

Mama mkwe wangu hakupiga kelele. Alinyanyuka, akafunga kanga yake, akasema, "Mwanangu, huyu umemwoa?"

"Mama nawe! Kule tulikuwa tunampa kila mara. Amezoea."

"Kule," akasema mama. "Na hapa je?" Akaenda nyumbani kwake bila kula.

Mimi nilibaki nimeshika birika. Nilimtazama yule jike akilamba vidole vya mume wangu kimoja kimoja, na mume wangu akicheka peke yake. Kwangu hakuwa amecheka vile tangu siku ya mahari.

Nilimwonea wivu mbwa, naam. Watu hucheka nikisema hivyo. Wacheke. Wao hawakukaa katika nyumba ile. Sabuni ilikuwa imepotea madukani, watoto wangu nawaogesha kwa majani ya mpapai, lakini kipande cha sabuni alichotoka nacho Tororo kilikuwa cha mbwa. Jioni mume wangu anakaa kwenye kigoda mlangoni, mbwa katikati ya magoti yake, anachana masikio yale kwa kitana cha chuma, nywele kwa nywele, huku anaongea naye Kiingereza. Kiingereza mimi sina. Sauti tu ndiyo niliyoisikia, sauti ya chini, laini, na mimi nipo jikoni moshi unanitoa machozi. Nikiuliza, "Unamwambia nini?" ananijibu, "Mambo ya kawaida." Mimi hayo mambo ya kawaida sikuwahi kuambiwa kwa lugha yoyote.

Mshahara ulikuwa umekwisha na mzungu wake. Mume wangu akaingia magendo, kama kila mwenye baiskeli siku zile. Kahawa aliipata Nabuyoga kwa watu aliowafahamu tangu Tororo. Anaifunga nyuma ya baiskeli chini ya majani ya ndizi, anavuka kwa njia za miguu kuingia Busia ya Kenya, anarudi na chumvi, sukari, sabuni. Njiani kulikuwa na askari, na askari wa siku zile ulikuwa huwezi kujua ameamkia wapi. Mtu anapita Jumatatu, Jumanne hapiti, na haonekani tena.

Mume wangu alikuwa na bahati, na bahati hiyo ndiyo iliyomponza. Siku ya kwanza mbwa alimfuata bila kuitwa. Askari akasimamisha baiskeli, na mbwa akaketi mbele yake, akainua mguu wa mbele, akampa mkono, kama alivyofundishwa na wazungu. Yule askari alicheka mpaka akashikilia mti. Akawaita wenzake. "Kuja muone! Hii mbwa iko na heshima kushinda wenyewe!" Wakampa mkono mmoja mmoja. Kahawa haikuguswa.

Basi tangu siku ile mbwa akawa pasi yake. Bila mbwa havuki. Wakitoka alfajiri, yeye anasukuma baiskeli, yule jike anatangulia na masikio yanapepea, na mimi nasimama uani na ufagio. Hata kwenye magendo alichukua mke mwingine, nilikuwa nasema moyoni, na sikujua nasema nini.

Kwa sababu anarudi amechoka, masikio yakawa kazi yangu. Hakuniomba. Aliniachia tu kitana juu ya kigoda. Na nilijifunza, kwa hasira nilijifunza. Masikio kama yale upepo hauingii. Mvua ikinyesha yanachacha ndani, yananuka kama chungu cha pombe kilichosahaulika. Kupe wanajificha humo. Mbegu za kunata za kando ya njia zinaingia, zinafanya fundo, ukivuta mbwa analia kama mtoto. Nilikuwa naweka mafuta ya simsim kwenye vidole, nafungua fundo polepole, halafu nafuta ndani kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, nakausha, naangalia kwa mwanga wa mlango. Na alipokula, masikio yaliingia kwenye chakula, yakabeba uji, yakaleta sisimizi. Basi nikachana pindo la gauni langu kuukuu la bluu, nikayainua masikio yote mawili, nikayafunga kisogoni, vile ninavyofunga kilemba changu mwenyewe. Akawa kama mama wa kanisani. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, lakini fundo lilikuwa zuri.

Kwa hiyo mimi niliyajua masikio yale kuliko mtu yeyote. Na siku moja mbwa alirudi kutoka ng'ambo bila mbegu hata moja.

Ilikuwa msimu wa mbegu. Mume wangu mwenyewe zilikuwa zimejaa kwenye suruali. Nikaweka mkono kwenye masikio: laini. Nikanusa: mafuta ya nazi, yale ya dukani, ya kupaka nywele. Nikapekua ndani: safi.

"Baba watoto, nani amemchana mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Tuna wangapi?"

"Ah. Si nimemchana mimi."

"Wapi?"

"Huko huko."

"Kwa kitana gani? Kitana hiki hapa kigodani."

Akasema ana njaa.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Si kwamba nilikuwa na ushahidi. Mikono tu. Niliijua mikono ya mume wangu. Anachana haraka upande wa kulia na anasahau nyuma ya sikio. Aliyemchana yule mbwa hakusahau nyuma ya sikio. Alikuwa mtu mwenye subira na mwenye nafasi, na mwanamume hana vyote viwili. Nikawa kila wakirudi nakagua mbwa kabla ya kumpa mume maji ya kunywa. Mara nywele za miguuni zimepunguzwa. Mara kucha zimekatwa. Nikawa nashindana na mtu nisiyemjua: nami nakata, nami napaka, nami nachana mpaka mbwa mwenyewe anachoka, ananitazama kwa yale macho yake ya kusikitika. "Usinitazame," nilimwambia. "Sema unakokwenda."

Ndipo ikaja siku ambayo mbwa alirudi peke yake.

Jua lilikuwa bado juu. Tulikuwa tunaanika mihogo, mimi na mama mkwe. Mbwa akaingia uani, ulimi nje, hana baiskeli nyuma yake, hana mtu. Mama akaangusha ungo. Akaanza kulia kilio kile cha msiba, mikono kichwani. "Wamemchukua! Wamemchukua mwanangu!" Majirani wakaanza kutoka. Na kweli siku zile, mbwa kurudi bila mwenyewe, ungefikiria nini tena?

Mimi nilipiga magoti kwa mbwa. Masikio yake yalikuwa yamefungwa juu. Lakini si kwa pindo langu la bluu. Kitenge. Kitenge kipya cha manjano, kina duara nyekundu, hakijafuliwa hata mara moja. Na fundo halikuwa kisogoni. Lilikuwa mbele, kwenye paji, ncha mbili zimesimama, vile wanawake wa mjini wanavyofunga.

"Mama, nyamaza," nikasema.

"Ninyamaze vipi? Wewe huna machozi?"

"Mtu aliyekamatwa na askari, mbwa wake hafungwi kilemba. Mwanao yuko hai, na amekaa vizuri. Tazama hilo fundo."

Akatazama. Akanyamaza kweli. Akafuta uso kwa kanga, akakichezea kile kitambaa kwa kidole, na nikaona anaelewa, kwa sababu naye aliwahi kuwa na mume.

"Hiki kitenge ni ghali," akasema.

"Nimeona."

"Basi nenda kamtafute. Ukimkuta hai, mwambie mama yake alimlilia bure."

Asubuhi nikamfunga mbwa kamba ya katani, kilemba cha manjano nikakiacha kichwani mwake vile vile, kisiguswe. Mtoto nikamwacha kwa bibi yake. Sikumwongoza mbwa, yeye ndiye aliyeniongoza. Aliijua njia kuliko mimi. Kwenye kila njia panda alikuwa hanusi hata, anakata kona kama mtu anayekwenda kwake, na kila alipokata kona hivyo kitu kilinichoma hapa kifuani.

Kwenye kichaka askari alikuwa ameketi juu ya kreti. Kijana, macho mekundu. Mbwa akaketi, akampa mkono.

"Habari yako, mkubwa," askari akamwambia mbwa. Kisha akanitazama mimi. "Wewe nani? Umeiba hii mbwa?"

"Sikuiba, afande. Ni ya kwangu."

"Uongo. Hii mbwa mimi najua mwenyewe. Yule wa baisikeli."

"Huyo ni mume wangu."

Akacheka, akapiga kitako cha bunduki. "Wacha mchezo, mama. Bibi yake mimi najua. Iko ng'ambo, anapikaga chai. Mimi nimekunywa chai yake. Wewe ni dada?"

Askari mwenye bunduki, wa serikali, amenijulisha mke wa mume wangu ni nani. Nilisahau kuogopa. "Nenda ukamwulize huyo anayepika chai," nikasema, "kama amewahi kumnawisha mikono mbele ya mama yake." Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Angeweza kunipiga. Alinitazama kidogo, akasogeza mguu, akasema, "Pita. Mambo ya wanawake mimi siwezi."

Ng'ambo mbwa alianza kukimbia. Alinivuta kupita maduka, kupita soko, watu wanamsalimia, wanamsalimia yeye kwa jina, mpaka kwenye kibanda cha mabati chenye pazia. Akaingia chini ya pazia bila kubisha. Nami nyuma yake, kamba mkononi.

Ilikuwa hoteli ndogo, meza mbili. Kwenye pembe palikuwa na chombo cha mbwa: kopo refu, jembamba, la maziwa ya unga, limeegemezwa kwa mawe mawili lisianguke. Mbwa aliingiza pua tu, na masikio yakabaki nje, kila moja upande wake, makavu. Nilisimama nikalitazama lile kopo. Mimi na mapindo yangu na mafundo yangu, sikuwahi kufikiria kopo. Naomba mnielewe: kati ya yote niliyoyaona siku ile, kopo liliniuma kuliko mwanamke.

Mwanamke alikuwa amevaa kitenge cha manjano, duara nyekundu. Hakuwa mzuri kunishinda, nasema ukweli. Meno tu.

"Karibu mama, karibu kiti. Usimwogope, haumi. Ni wa mzee wangu. Jana alinitoroka, tumemtafuta mpaka tumechoka. Umemwokota wapi?"

Sikumjibu, kwa sababu kwenye meza ya ndani nilikuwa nimemwona mzee wake. Amevaa fulana, miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto. Mbele yake sahani ya kuku. Na juu ya nyama, pale pale inapowekwa, ilikuwapo firigisi.

Hapo sikuhitaji kuuliza kitu. Hakuna mwanamke anayemwekea mpita njia firigisi. Yeye alikuwa bado hajaniona: akaichukua ile firigisi, akaiuma, ndipo akainua macho. Ameiuma mwenyewe. Nusu ilikuwa bado vidoleni. Kwangu ilikuwa ya mbwa. Hapa alikula.

"Mama watoto," akasema.

"Maliza kumeza," nikasema.

Yule mwanamke akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaketi polepole kwenye benchi. "Uliniambia amekufa," akamwambia.

"Nilisema yuko mbali."

"Ulisema Mungu alimpenda zaidi!"

Nilipiga magoti, nikafungua kilemba cha manjano kichwani mwa mbwa. Nikakikunja vizuri, nikakiweka mezani karibu na chai. Nikatoa kifuani kipande kingine cha pindo langu la bluu, nikayainua masikio, nikafunga kisogoni.

"Kitambaa chako hicho, dada," nikasema. "Kopo lako ni zuri. Nalichukua." Nikalichukua.

Mume wangu akatoa miguu kwenye beseni. "Ngoja basi. Niachie mbwa. Bila mbwa sivuki, unajua."

"Najua. Kaa."

Nilitoka. Mbwa alisimama mlangoni, akageuza kichwa ndani, akageuza nje. Nilihisi kamba imelegea. Sikuvuta. Nilisema tu, kwa sauti ile ya chini ninayotumia nikimtoa mbegu masikioni, "Twende." Akaja.

Askari yule yule aliuliza, "Umeona bibi yake?"

"Bibi yake umemwona wewe sasa," nikamwambia, na mbwa akampa mkono.

Mume wangu alifika kesho yake mchana. Alikuwa amepita kwenye matete ya bondeni, tope mpaka kiunoni, baiskeli ameiacha. Amesimama uani anatoa ruba mguuni, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwake, kabla ya salamu, kabla ya mama yake, lilikuwa: "Mbwa yuko wapi?"

Sikusahau hilo. Mpaka leo watu wakisema mume wangu alinirudia, nanyamaza. Alirudi, ndiyo. Alimfuata nani, hilo hakuna aliyeniambia.

Lakini mbwa nilimshika. Nilimlisha kwa kopo, nilimchana asubuhi na jioni, nikamlaza jikoni kwangu, miguuni pangu, na mume wangu akitaka kumtoa alfajiri ilibidi anipite mimi. Hakunipita. Siku moja alijaribu kwenda peke yake. Askari walimrudisha na jicho limevimba. Akaacha. Akaanza kuchukua samaki Lumino na kuuza vijijini, upande wetu huu huu, akienda anarudi jua halijazama. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hataki hata kumtaja yule jike, akaanza kumwachia mifupa kwenye jani, kimya kimya, akidhani simwoni.

Krismasi ikafika nikachinja jogoo. Nikaosha firigisi mwenyewe, nikaiweka juu ya nyama. Nikapiga goti, nikamnawisha mikono. Mama yake alikuwa mkekani. Mbwa akaja, akaketi ubavuni mwa mume wangu, akainua mguu wa mbele kama kwa askari.

Mume wangu akaichukua kwa vidole viwili. Akaipuliza. Mkono ukaanza kushuka.

Nikakohoa.

Mkono ukasimama pale pale hewani. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Kisha akaiweka kinywani, akatafuna. Nilishika birika nikamtazama mpaka akameza. Halafu mbwa nikampa shingo.